Fidla Bubu ya Kimamba

Walimu wenzangu, niliporudi kazini shule ilikuwa imeshafunguliwa wiki nzima. Miguu yangu ilikuwa imechubuka na kanga inanuka moshi na ngozi ya ng'ombe. Mwalimu mkuu aliponiuliza nilikuwa wapi, nikamjibu, "Ulaya." Jibu hilo lilinipatia barua ya onyo, na tangu siku hiyo kila ninayekutana naye ananiuliza kilichotokea. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeandika yote hapa, someni kwa zamu, na aliye na karatasi za mitihani za kusahihisha amalize kwanza.

Baba yangu, Mzee Maganga, wengi mnamjua. Ni yule fundi mitambo wa zamani wa shamba la mkonge, anayekaa barazani kimya na kuitikia shikamoo kama anayelipia kila herufi. Msichokijua ni kwamba zamani alikuwa mpiga fidla, chombo kile chenye nyuzi nne kinachobanwa kidevuni na kukwaruzwa kwa upinde. Fidla yenyewe ilikuwa kuukuu hata ilipofika mkononi mwake. Karani mmoja Mgiriki wa shambani, ambaye naye aliirithi kwa babu yake, aliwaachia Baba na rafiki yake Bonifasi wakati mashamba yalipotaifishwa. Baba alikuwa anapiga, Bonifasi, aliyekuwa seremala, anaitunza. Walipendana na kutukanana kila siku, kwa maana Baba ni Mnyamwezi na Bonifasi ni Mluguru, na hao ni watani.

Kisha ikaja harusi moja kubwa. Baba, akitaka fidla ing'ae mbele ya wageni, akaipaka vanishi ya milango. Bonifasi alipoiona aligomba mpaka akakauka koo. "Umeiziba pumzi!" alisema. "Hii mbao imekauka miaka mia ili iimbe, wewe unaifanya mlango wa choo!" Kesho yake fidla ilipobanwa kidevuni ilitoa sauti kama mbu aliye chini ya blanketi. Bonifasi akahamia Mikumi. Baba akajaribu kuibadilishia nyuzi na singa za upinde, ikabaki bubu, akaifungia fidla kwenye sanduku lake, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemtaja mwenzake.

Sasa, zama hizi za ruksa, kila mtu anapofanya biashara atakayo, wamezuka watu wenye pikapu wanaozunguka kununua vitu vya kale: saa za ukutani, santuri, cherehani za mkono. Mmoja aliiona fidla akaahidi kurudi baada ya majuma mawili. Baba akakubali kuiuza. "Chombo kisicholia ni kuni," akasema, huku akiifuta vumbi kwa mkono wa shati, polepole, kama anayemfuta mtoto pua.

Nikamwomba aniruhusu niitafutie fundi kwanza. Ilikuwa likizo, sikuwa na la kufanya.

"Ipeleke popote," alisema. "Kilosa wapo mafundi. Ila Mikumi usikanyage."

Kimamba hadi Kilosa

Treni ya asubuhi ilifika saa nane mchana. Nilipata nafasi kwenye benchi lililojaa, nikaweka sanduku mapajani. Mama aliyekaa karibu yangu alikuwa na tenga la nyanya na maswali mengi, nami nilimjibu kwa heshima mpaka treni ilipoanza kutikisika. Nyuzi za fidla zilikuwa zimelegea, na kila gurudumu lilipogonga maungio ya reli zilitetema ndani ya sanduku: nnnnnng.

Mama akaacha kuuliza.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mdudu wako anakoroma."

"Si mdudu, mama. Ni fidla."

"Fidla ndiyo nyoka gani?"

Kabla sijaeleza, neno nyoka lilikuwa limeshafika mlangoni mwa behewa na kurudi. Mzee mmoja akatangaza kwamba anawafahamu waganga wa aina yangu, na kwamba sanduku likifunguliwa ndani ya treni dawa hupoteza nguvu na nyoka huwa wa kawaida tu. Benchi zima likabaki langu. Nilinyoosha miguu mpaka Kilosa, na wakati wa kushuka kijana mmoja alinifungulia mlango kwa ncha ya mwavuli.

Kilosa

Nililala kwa shangazi, na asubuhi nikaenda kwa Fundi Shomari, ambaye vitanda vyake vinasifiwa wilaya nzima. Aliikagua fidla kwa muda mrefu. Kifuani palikuwa na ufa mrefu kama kidole, na ubavuni mbao zilianza kuachana. Aliigonga kwa ukucha, akainusa, akaiweka sikioni.

"Imezeeka," akasema.

"Naelewa, fundi. Nataka iendelee kuzeeka huku inalia."

"Basi hapa tunatia misumari minne ya inchi mbili. Huku kwenye ufa napiga kipande cha bati kwa ndani. Halafu hili bao la juu ni jembamba mno, mtu aliyetengeneza alibania mbao. Nitakuwekea jipya la mninga, unene wa dole gumba. Itadumu mpaka kiama."

"Itatoa sauti?"

Alinitazama kwa huruma. "Mama, umesema unataka idumu."

Alikuwa ameshaweka msumari kinywani na kushika nyundo mkononi. Nilimpokonya fidla kwa nguvu ambazo mwalimu wa darasa la tatu hapaswi kuzionyesha mbele ya watu, nikamshukuru, nikatoka. Nje nikasimama kwenye jua na kujua kwamba yuko mtu mmoja tu anayeweza kuirudishia sauti. Nikatafuta gari la kwenda Mikumi.

Kilosa hadi Ulaya

Gari lilikuwa lori dogo la mtu binafsi lililofungwa mabenchi, na ubavuni lilikuwa bado na maandishi ya Kijapani. Kondakta alidai yanamaanisha "Mungu Mkubwa". Tuliondoka tumebanana kama vibiriti, mimi nimekumbatia sanduku, na barabara ilikuwa mbaya kwa sababu mvua za masika zilikuwa hazijamaliza kazi yake.

Sasa, ili muelewe aibu yangu, lazima niwaambie jambo moja kuhusu fidla. Nyuzi zake hubebwa na kijibao kidogo kilichosimama katikati ya kifua. Baba na Bonifasi walikiita daraja. Hakigundishwi. Husimamishwa na mkazo wa nyuzi peke yake, nyuzi zikilegea huanguka.

Tuliruka shimo moja kubwa. Nikasikia *tak* ndani ya sanduku. Nikafungua, nikaona, nikapiga kelele bila kufikiri:

"Jamani, daraja limeanguka!"

Dereva alifunga breki kwa miguu yote miwili. Kuku wakaruka. Mtu mmoja akasema amelisikia kwa masikio yake likianguka. Mwingine akasema jana tu shemeji yake alimwambia lile daraja la mbele lina ufa. Mama mmoja akaanza kusali. Dereva akashuka, akatazama barabara, akatazama mawingu, akasema anajua njia ya mkato ya kuzunguka, na kabla sijapata sauti yangu tulikuwa tumeingia katikati ya mahindi ya watu.

Njia ya mkato ilidumu kama nusu saa, halafu ikawa tope. Gari likazama mpaka kwenye ekseli.

Tuliposhuka kulisukuma, kijana mmoja wa baiskeli alipita akitokea mbele. Dereva akamuuliza daraja limeanguka lini.

"Daraja lipi?" kijana akauliza. "Mimi nimepita sasa hivi."

Kila mtu akajaribu kukumbuka nani alisema. Nilifikiria kunyamaza, nakiri. Lakini mama yule bado alikuwa anasali, safari hii kushukuru, na nikaona haya. Nikafungua sanduku, nikatoa kile kijibao chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, nikakiinua.

"Ni hili," nikasema.

Walikitazama watu ishirini na saba. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yule aliyelisikia kwa masikio yake. Wa mwisho alikuwa dereva, ambaye hakucheka kabisa. Tulisukuma mpaka jioni, mimi nikiwekwa upande wa gurudumu linalorusha matope, na gari lilipofika kijiji cha Ulaya dereva akanishushia kapu langu chini.

"Wewe utafika kwa gari lingine," alisema. "Mbele kuna madaraja matatu, na mimi nina moyo mmoja."

Ulaya

Asiyejua wilaya yetu asishangae. Ulaya ni kijiji, kiko njiani baina ya Kilosa na Mikumi, kina soko, msikiti, na mgambo mmoja aliyeniona asubuhi nikiwa nimekaa juu ya kapu, nimejaa matope, nimekumbatia sanduku jeusi.

"Shikamoo, afande," nilisema, maana ingawa alikuwa mdogo kwangu kwa umri, rungu lilikuwa lake.

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Fidla."

"Umeitoa wapi?"

Nilikuwa na njaa, na nilijibu kama ambavyo Baba hujibu siku zote. "Ilitoka Ulaya, afande."

Uso wake ukabadilika. "Ulaya kwa nani?"

"Kwa Mgiriki mmoja."

"Hapa hatuna Mgiriki."

"Alikuwa karani..."

"Karani wetu ni Saidi. Saidi si Mgiriki, na hana sanduku kama hili. Lini umelitoa?"

"Si mimi. Babu yake alilibeba zamani akatoka nalo Ulaya."

"Kwa hiyo mmeanza kuiba tangu enzi za babu!"

Nilipogundua kosa lilipo nikaanza kucheka, na hilo likawa kosa la pili. Alinipeleka ofisi ya kijiji. Watu wakaitwa waje watambue mali yao. Mnisikilize vizuri hapa: bwana mmoja alijitokeza akasema ni yake. Aliapa kwa jina la mama yake. Aliibiwa kabla ya Ramadhani, kilikuwa kitu chake cha thamani kuliko vyote, hapati usingizi kwa kukiwaza.

Katibu wa kijiji, mtu mtulivu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamuuliza, "Ndani kuna nini?"

"Cherehani," bwana akajibu bila kusita.

Sanduku likafunguliwa. Fidla ikalala pale na ufa wake. Bwana akaitazama kwa muda.

"Wameiharibu," akasema.

Katibu alinipa chai na viazi, akaniomba radhi kwa niaba ya Ulaya yote, akanitafutia mtu wa baiskeli anayeelekea Zombo. Huko, alisema, malori ya mbao hupita kwenda Mikumi.

Zombo

Mvua ilitupata njiani na haikuwa na haraka. Sanduku la fidla lilikuwa na umri wa fidla yenyewe, likavuja. Mwenye baiskeli aliniacha kwa jamaa yake, Mama Mwajuma, mjane mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Hakuniuliza ninatoka wapi mpaka niliposhiba. Ugali, mlenda, na kambale mkavu wa kuchemsha kwa nyanya. Tangu nitoke kwa shangazi nilikuwa sijala chakula cha moto kilichokaa kwenye sahani.

Nikamwonyesha fidla, imelowa na kunyong'onyea. Akapiga kofi.

"Kitu cha mbao unakitembeza kwenye maji! Lete hapa."

Juu ya mafiga yake kulikuwa na dari la miti ambapo huhifadhi mbegu za mahindi. Moshi hufukuza wadudu. "Mbegu ya hapa haijaliwa na dumuzi mwaka wa tatu huu," alisema, na akaipandisha fidla kati ya mahindi, juu kabisa ya chungu cha maharage kilichokuwa kinachemka. Nilimwona kuwa mwenye busara kupita Fundi Shomari. Nikalala usingizi wa mawe.

Asubuhi niliamshwa na kilio. "Nimeua! Nimeua mali ya mgeni!"

Joto na mvuke vilikuwa vimelegeza gundi yote. Fidla ilikuwa imefunguka kama kitabu: kifua upande huu, mgongo upande ule, mbavu zimebaki na shingo. Mama Mwajuma alikaa chini akashika kichwa. Nami nikakaa chini nikashika changu. Tulikaa hivyo mpaka maharage yakaanza kuungua.

Nilipokusanya vipande nikaona jambo. Ndani ya kifua, mbao ilikuwa imekolea rangi ya kahawia kwa umri, isipokuwa duara moja dogo jeupe, sawa na kifungo cha shati. Ndani ya mgongo, mahali palepale, kulikuwa na duara jingine. Kitu fulani kilikuwa kimesimama baina ya maduara hayo mawili, na sasa hakikuwepo.

"Kimeangukia motoni," Mama Mwajuma akanong'ona.

Tulichekecha majivu yote ya mafiga kwa ungo wa unga. Majirani wakaja kusaidia bila kujua tunatafuta nini, na kila mtu alileta alichopata: gunzi la mahindi, jino la mbuzi, betri, na pete ya shaba ambayo Mama Mwajuma aliipoteza siku ya msiba wa mumewe. Akalia tena, kwa furaha safari hii, akanipa kanga mpya ya kufungia vipande vyangu. Kitu chenyewe hatukukipata.

Zombo hadi Mikumi

Lori la mbao. Nilikaa juu, kifurushi kifuani kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa nimemdanganya baba yangu, naelekea mahali alipokataza, na fidla iliyotoka nyumbani ikiwa bubu sasa ilikuwa maiti. Tena imepungua kipande. Mnunuzi angekuja baada ya siku sita. Nilitunga maelezo manne tofauti ya kumpa Baba na yote yalianza na "kwanza usikasirike".

Mikumi

Haikuwa vigumu kumpata Mzee Bonifasi. Nyuma ya mahoteli ya barabara kuu, wanakopumzika madereva wa malori ya Zambia, kila mtu alimjua seremala Mluguru anayegombana na nyani. Wakati huo alikuwa anamtupia mmoja kipande cha mbao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Kimamba. Ni Zuhura, binti wa Maganga."

Mkono ulibaki hewani. Nyani akatumia nafasi hiyo kuondoka na ndizi.

"Yule Mnyamwezi hajafa?"

"Bado."

"Kabila lenu mnachelewa kwa kila jambo," alisema, akikiweka chini kile kipande cha mbao. Mkewe, Mama Anjela, akatoka na kiti.

Nilifungua kanga na kusubiri matusi. Badala yake mzee alivaa miwani, akainua kifua cha fidla kuelekea mwanga, na akaanza kutabasamu.

"Nani ameifungua vizuri hivi? Hata kisu hakikugusa!"

Nilimweleza habari ya Zombo, dari, na chungu cha maharage. Alicheka mpaka akakaa.

"Mwambie huyo mama aje tufanye kazi pamoja. Sikiliza, binti. Unajua kwa nini kitu hiki kinaishi kuliko sisi? Kwa sababu kimegundishwa kwa gundi ya ngozi, na gundi ya ngozi ni dhaifu kuliko mbao. Kiangazi mbao inasinyaa, masika inavimba. Kitu kimoja lazima kikubali kuachia. Gundi ikiachia, unagundisha tena, mbao imebaki nzima. Ungetia misumari au gundi hizi mpya za kopo, mbao yenyewe ingepasuka. Babu wa Mgiriki aliifungua hii. Na mimi nimeifungua mara mbili."

"Na ufa?"

"Ufa nao ni umri. Naufunga kwa vipande vidogo vya mbao kwa ndani. Hizi nyuzi ni za nini?"

"Waya wa breki ya baiskeli."

"Mungu wangu. Na upinde kafunga katani! Mnyamwezi huyu." Aliugusa ule upinde wa singa za mkonge kwa kidole, taratibu. "Kafunga vizuri lakini."

Nikakusanya ujasiri. "Baba, kuna kitu nimekipoteza. Kilisimama hapa." Nikamwonyesha duara jeupe. "Tumechekecha majivu yote. Nafikiri kiliungua. Nisamehe."

Tabasamu likaondoka usoni mwake. Alitazama lile duara.

"Huenda," akasema, akavua miwani, akaenda kukata kuni.

Kesho yake alichemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe kwa ajili ya gundi. Ilinuka vibaya hata wageni wa hoteli ya mbele wakahama meza. Mbwa wa jirani yeye aliipenda. Tuliporudi kutoka kula chakula cha mchana sufuria ilikuwa imelambwa ikabaki nyeupe, na mbwa alikuwa amelala karibu yake akishindwa kufungua mdomo. Ikabidi kungoja mpaka buchani wachinje tena, siku mbili. Ndizo siku ambazo shule ilifunguliwa.

Katika siku hizo mzee hakutania hata mara moja. Kila nilipomkuta mahali nilianza, "Kile kipande, baba, hakiwezi kuchongwa kingine?" naye alikohoa na kutafuta patasi. Nilizidi kujilaumu. Nilipoteza hamu ya kula hata pilau la Mama Anjela, na hilo Mama Anjela hakuweza kulivumilia.

Siku ya tatu asubuhi, tukinywa chai, alimgeukia mumewe.

"Mtoto wa watu anakonda, Bonifasi. Sema, au nitasema mimi."

Mzee akainuka. Alirudi na kopo la poda lililopata kutu, lile anamoweka cheti chake cha ubatizo. Akalitikisa, kikaanguka mezani kijiti cha duara, chepesi, kirefu kama kidole cha shahada.

"Hukupoteza kitu," alisema. "Hiki ndicho kinachosimama ndani, baina ya kifua na mgongo. Ndicho kinachopeleka sauti nyuma. Bila hiki fidla ni boksi. Baba yako alipoipaka ile takataka nilikasirika. Kabla ya kuondoka nilikichomoa kupitia tundu la kifuani, nikakitia mfukoni. Nilitaka aadhirike siku moja tu, aje kuniomba. Hakuja. Wiki ikawa mwezi. Baadaye ikawa aibu, na aibu, binti, haina gundi."

"Kwa hiyo vanishi..."

"Vanishi iliipunguza kidogo. Haikuiua. Niliiua mimi."

Sikujua nicheke au nimmwagie chai. Nilimfikiria Baba kwenye ile baraza, miaka yote ile.

"Utamwambia mwenyewe," nilisema. Sijawahi kumsemesha mtu mzima kwa sauti ile, na naomba radhi, lakini ndiyo sauti iliyotoka.

Alifanya kazi siku hiyo na iliyofuata. Aliikwangua vanishi kwa kipande cha kioo, polepole, bila kugusa rangi ya zamani iliyo chini. Alipoigundisha fidla na kujaribu kukirudisha kijiti, hakikuingia. Kifua kilikuwa kimebonyea kwa miaka ya kukazwa nyuzi bila nguzo, na kijiti sasa kilikuwa kirefu kupita nafasi yake. Ilimbidi akichonge, unene wa ukucha tu. Kila alipokwangua alinung'unika kitu kwa Kiluguru ambacho Mama Anjela alikataa kunitafsiria.

Mikumi hadi Kimamba

Tulirudi sote wawili kwa njia ya Morogoro: lori la vitunguu mpaka mjini, kisha treni. Sitasema mengi, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Mzee Bonifasi alikuwa na kanzu yake ya kanisani na fidla mapajani. Kila stesheni alisema afadhali ashuke hapa, anaumwa tumbo. Kila stesheni nilimshika mkono wa kanzu.

Baba alikuwa barazani. Alituona tangu tukiwa kwa jirani. Hakusimama.

"Nilisema usikanyage Mikumi," akaniambia, macho yakiwa kwa mwenzake.

"Ndiyo, Baba."

Mzee Bonifasi alikuwa ameandaa hotuba kuanzia Morogoro, na nilikuwa nimeisikia mara sita. Alisahau yote. Alisimama pale juani akasema, "Maganga, kijiti cha ndani nilikichukua mimi. Siku ile ya harusi. Nilikuwa nacho."

Baba aliwatazama kuku watatu wakivuka uwanja.

"Kwa hiyo si vanishi?"

"Si vanishi."

"Miaka kumi na tisa," Baba akasema, "sijapaka rangi hata dirisha. Nyumba hii inaoza mbao kwa sababu niliogopa brashi."

Alinyoosha mkono, akapokea fidla, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tukabaki nje. Nilimtandikia mgeni chumba cha uani. Baadaye tukasikia upinde. Sauti ya kwanza ilikwaruza, ya pili ikateleza, ya tatu ikatoka. Sitajaribu kuieleza; majirani wa Kimamba waliokuja kusimama uani wataeleza wenyewe. Vidole vya Baba navyo vilikuwa vimezeeka, vilikosea mara nyingi, naye alirudia kila alipokosea.

Mnunuzi wa vitu vya kale alikuja Jumamosi na pikapu lake. Baba hakuacha kupiga. Alimwonyesha barabara kwa ncha ya upinde.

Lakini na Bonifasi hakusema neno. Siku tatu walikula sinia moja, wamegeuziana mabega. Mmoja akitaka chumvi aliniambia mimi nimwambie mwenzake. Mimi ndiye niliyekuwa simu. Ilipofika Jumatatu asubuhi nilikuwa nimevaa tayari kuja shuleni, Baba ameketi kibarazani na fidla, mgeni yuko hatua tatu kutoka kwake na kikombe cha uji.

"Zuhura," Baba akasema, "mwambie huyo Mluguru kwamba uzi wa pili unashuka."

Nikamgeukia Mzee Bonifasi. Kabla sijafungua mdomo aliweka kikombe chini.

"Haushuki! Kigingi cha kukazia uzi hukukisukuma ndani. Nilikwambia tangu shamba la Mgiriki, kigingi kinazungushwa huku kinasukumwa!"

"Nimekisukuma!"

"Umekisukuma kama Mnyamwezi. Lete hapa."

"Sileti. Njoo wewe."

Mzee akaenda. Nilipofika barabarani bado nilikuwa nawasikia, wanapokezana fidla na matusi, na hakuna aliyeliita jina langu. Nikakaza mwendo, maana kengele ya shule ilikuwa imeshalia.